Ukiita Python, Anaitika Nani?

Jamani, sogeeni hapa, maana leo nimejaa mpaka shingoni. Nch! Mtu ana kompyuta moja, kibodi moja, kioo kimoja, mwenyewe mmoja, lakini humo ndani kuna Python nne, Node tatu, na wasimamizi wa vifurushi watatu wasiosalimiana. Halafu anakuja kijiweni kakunja uso eti mashine imerogwa. Imerogwa na nani, mwanangu? Wote hao umewaingiza wewe, kwa mkono wako, usiku usiku, bila kuuliza ndani kuna nani!

Wala msijifanye hamjawahi kuliona hili. Kila kijiwe chenye vijana wawili watatu wanaojifunza kuandika programu kina kisa chake. Kijana kaangalia video, kaambiwa nakili amri hii, bandika pale, piga Enter. Kapiga. Terminali imemwaga mistari weee, mwishoni ikasema imemaliza. Anaiita ile programu: anajibiwa kwamba amri hiyo haijulikani. Anaisakinisha tena: anaambiwa mbona ipo tayari. Anaiita tena: haijulikani. Ipo, haijulikani, haijulikani, ipo! Hapo bando la wiki limeshaungua lote na kijana hajaandika hata mstari mmoja wa kazi yake. Lahaula!

Tusikilizane, kwa sababu jambo lenyewe ni jepesi kuliko kelele zake. Ukiandika "python3" kwenye terminali, kompyuta haijui Python ni mdudu gani. Inachokijua ni orodha ya folda, na orodha hiyo inaitwa PATH. Inafungua folda ya kwanza: kuna faili lenye jina hili? Likiwepo, inaliendesha na habari imeishia hapo. Haisogei mbele kuangalia kama kuna lingine jipya zaidi. Lisipokuwepo, inakwenda folda ya pili, ya tatu, hadi orodha iishe. Utaratibu huu si wa jana. Ulikuwemo kwenye Unix toleo la saba la mwaka 1979, wengi wenu mnaonisikiliza hamjazaliwa, na mashine za leo zinaufuata vilevile. Ni sawa na kuingia uchochoroni ukaita "Juma!". Juma wa nyumba ya kwanza ndiye atakayetoka, hata kama Juma fundi uliyemfuata anakaa nyumba ya tano. Hakuna aliyekudanganya hapo. Umeita, umeitikiwa.

Balaa linaanza pale kila msimamizi wa vifurushi anapotaka Juma wake ndiye akae nyumba ya kwanza.

Msimamizi wa vifurushi, kwa yule aliyefika sasa hivi, ni programu inayoleta programu nyingine. Unaitajia jina, inakuletea mafaili pamoja na kila kitu ambacho mafaili hayo yanakitegemea, inayapanga, na siku ukitaka kuyaondoa inajua iliyaweka wapi. Watu wa Debian walipokuja na dpkg yao miaka ya 1990, mambo yalikuwa na heshima: mashine moja, msimamizi mmoja. Mpaka leo dpkg ikikuta kifurushi kipya kinataka kuandika juu ya faili la kifurushi kingine, inagoma na inakutajia faili hilo ni la nani. Inagoma! Mimi nasema hiyo ndiyo adabu. Tatizo ni kwamba dpkg inavijua vya kwake tu. Ulivyoleta kwa pip, kwa npm, kwa conda, havimo kwenye daftari lake. Na hao nao kila mmoja ana daftari lake, na hakuna anayefungua la mwenzake.

Mkitaka kuuona mchezo huu ulivyonoga, nendeni kwa wenye Mac. Yarabi toba! Apple haikuwawekea watu wake msimamizi wa vifurushi wa kuleta programu huria za Unix, kwa hiyo watu wakajitengenezea. Ikaja Fink, ikajenga kwenye folda ya /sw. Mwaka 2002 ikaja DarwinPorts, ambayo leo inaitwa MacPorts, ikajenga /opt/local. Mwaka 2009 Max Howell akaja na Homebrew, na Homebrew ikaenda kukaa /usr/local. Sasa hapo ndipo penye uhondo. /usr/local si folda ya hivi hivi. Folda ya /usr/local/bin imo kwenye PATH ya Mac tangu inapotoka kiwandani, na kompaila huichungulia /usr/local hata hujaiagiza. Ndiyo maana Homebrew ilipendwa upesi: unasakinisha, unaita, inaitika, hujagusa mipangilio yoyote. Na ndiyo maana hao hao MacPorts wamekuwa wakiwaonya watu wao kwamba vitu vilivyojazana /usr/local vinaweza kuchotwa na kompaila wakati wa kujenga kifurushi chao, kikatoka nusu cha huku nusu cha kule, kisha kikaanguka siku ya kwanza kutumika. Wahenga walishasema fahari wawili hawakai zizi moja. Hapa wako watatu!

Kabla vumbi halijatulia, Novemba 2020 Apple ikaingiza sokoni Mac zenye chipu yake yenyewe, M1. Homebrew toleo la 3.0.0 la Februari 2021 likaamua: kwenye mashine hizi mpya nyumbani ni /opt/homebrew, na /usr/local tunawaachia wenye chipu za zamani, za Intel. Uamuzi ule ulikuwa wa busara, nausifu bila kusita, kwa sababu uliwezesha Homebrew mbili kukaa ndani ya mashine moja pasipo kukanyagana: ya Intel ikipitia kwa mkalimani aitwaye Rosetta, ya chipu mpya ikienda moja kwa moja. Tena huwezi tu kuibeba folda ya zamani ukaibwaga mahali papya, maana vifurushi vingi vilivyojengwa tayari vimeandikwa anwani ya folda humo humo ndani yake. Ukikihamisha, kinaendelea kutafuta vitu vyake kule kilikozoea.

Lakini binadamu, jamani, binadamu!

Kuna kijana hapa mtaani, mchapakazi kwelikweli, alijinyima akanunua Mac ya M1 ya mtumba. Alikuwa na ile ya zamani ya Intel, basi akatumia programu ya kuhamisha vitu, ikamletea kila kitu: picha za harusi ya dada yake, nyaraka, na /usr/local nzima nzima pamoja na Homebrew ya Intel iliyokuwemo. Hakuona, maana folda hiyo haionekani ukifungua dirisha la kawaida. Akasakinisha Homebrew mpya. Sasa ana mbili. Anaandika "brew install", ya zamani ndiyo inaitika, maana ndiyo iliyo kwenye orodha ya kiwandani. Inamgomea: kwenye kichakataji cha ARM, yaani chipu hiyo mpya, siwezi kusakinisha ndani ya folda ya Intel. Na ujumbe huo umeandikwa wazi, hauna fumbo! Yeye akatafuta mkato, akaambiwa na mtu asiyemfahamu kwamba afungue terminali kwa kupitia Rosetta. Akafungua. Ya zamani ikakubali. Akashangilia.

Aaah, mwanangu! Hapo ndipo ulipojifunga kamba. Tangu siku ile kila alichosakinisha kikawa cha Intel, ndani ya mashine isiyo ya Intel. Wiki iliyofuata akafungua terminali ya kawaida, Python iliyojengwa kwa chipu mpya ikajaribu kupakia maktaba ya kule kwa zamani, mashine ikalia kwamba maktaba iliyopo ni x86_64, yaani ya Intel, na inayohitajika ni arm64, yaani ya chipu mpya. Akaja kwangu na uso wa msibani. "Mzee," ananiambia, "kompyuta inasema ninacho, lakini nilichonacho sicho." Nikamwambia dogo, umelielewa vizuri sana, sasa kwa nini umekuja na nyundo? Maana alikuwa anataka kufuta /usr/local yote kwa amri moja, bila hata kuangalia mlikuwa na nini.

Na hiyo Homebrew mpya kwa nini haikuitika? Kwa sababu /opt/homebrew/bin haimo kwenye orodha ya kiwandani. Kisakinishi kikimaliza kazi huandika mwishoni maelekezo mafupi: ongeza mstari wa "brew shellenv" kwenye faili lako la kuanzia. Mistari ya mwisho hiyo, jamani, ndiyo yenye faida kuliko yote iliyotangulia, na ndiyo isiyosomwa na mtu! Watu wanatazama mistari inavyokimbia, wakiona imesimama wanafunga dirisha na kwenda kuagiza kahawa.

Atakayeisoma naye ataiweka wapi? Msiba mwingine huo. Mwaka 2019, macOS Catalina ilipokuja, Apple iliiweka zsh kuwa mfasiri wa amri wa kawaida badala ya bash. Video za zamani bado zinafundisha kuandika kwenye .bash_profile, na zsh hailifungui faili hilo. Kijana anaandika, anahifadhi, anafunga, anafungua, hakuna kilichobadilika, anaandika tena mstari ule ule chini ya ule wa kwanza. Nimeona faili lenye mstari mmoja umerudiwa kutoka juu hadi chini kwa herufi zile zile, mwenyewe akitumaini safari hii utasikilizwa. Mwingine anajiona mjanja, anaandika kwenye .zshenv. Faili hilo linasomwa, naam, lakini baada yake terminali inapofunguka huja programu ndogo ya Mac iitwayo path_helper, inasoma /etc/paths na kuzirudisha folda za mfumo mbele, zako zinasukumwa nyuma. Kijana anaapa kwamba aliiweka mbele. Ni kweli aliiweka mbele! Aliondolewa mbele na mwingine aliyekuja baada yake. Ndiyo maana mahali pake ni .zprofile au .zshrc, ambayo husomwa baadaye.

Niwape lingine la kutikisa kichwa. Kwenye Mac za Intel, mtu alishachukua Python kutoka kwa Python wenyewe, ile inayokuja na kisakinishi cha kubonyezabonyeza. Hiyo hukaa kwake ndani ya /Library/Frameworks, lakini huweka viungo vyake /usr/local/bin. Baada ya miezi anasakinisha Python nyingine kwa Homebrew. Homebrew inajenga vizuri, inafika hatua ya kuweka viungo, inakwama: /usr/local/bin/2to3 ipo tayari, siwezi kuandika juu yake. Mnaijua 2to3 ni kitu gani? Ni programu ya kugeuza msimbo wa Python 2 uwe wa Python 3. Python 2 yenyewe ilifikishwa mwisho wa matunzo tarehe 1 Januari 2020, na 2to3 ikaondolewa kabisa kwenye Python 3.13. Watu wazima na elimu zao wamekesha, wamegombana na mashine, wamekosa usingizi, kwa ajili ya faili ambalo hawajawahi kulitumia hata mara moja maishani mwao! Mfyuuu!

Na dawa wanayoikimbilia ni ile amri ya kulazimisha, "brew link --overwrite", kwa sababu Homebrew yenyewe huitaja katika ujumbe wake. Mimi siipingi moja kwa moja. Ila ujumbe huo huo unataja pia namna ya kuona kwanza ni mafaili gani yatafutwa, kwa kuongeza "--dry-run". Kuna anayeiandika hiyo? Nionyesheni mmoja. Macho yanaruka mpaka kwenye neno la kulazimisha.

Tuwaache wenye Mac wapumue, twende kwa wenye Ubuntu, ambao hupenda kuwacheka wenzao. Msicheke! Ubuntu 20.04 ilikuja na Python 3.8, na Python hiyo haikuwekwa kwa ajili yako. Ni ya mfumo. Kuna vyombo vya Ubuntu yenyewe vimeandikwa kwa Python na vinaitafuta ile ile iliyoko /usr/bin/python3. Sasa mtu anasoma mahali kwamba toleo jipya lina vitu vizuri, analileta, halafu anaelekeza /usr/bin/python3 kwenye hilo jipya kwa kutumia update-alternatives. Kwa dakika chache anafurahi. Kisha anaandika amri kimakosa, na badala ya kusahihishwa anapewa ukurasa wa malalamiko kwamba moduli ya apt_pkg haipatikani. Anaona afunge terminali, afungue upya. Haifunguki! Haifunguki kwa sababu kinachoifungua terminali ya GNOME, yale mazingira ya madirisha ya Ubuntu, ni hati ndogo iliyoandikwa kwa Python hiyo hiyo aliyoibadilisha, na moduli inazozihitaji zilijengwa kwa ajili ya 3.8. Tazameni mkasa huu: amevunja kitu, na mlango wa kuingilia kwenda kukitengeneza ndicho kitu alichokivunja.

Binti mmoja wa chuo alifikwa na hilo usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha mradi. Wenzake wakamwambia, unajua walimwambia nini? "Piga Ubuntu upya." Nch, nch, nch! Hiyo ndiyo dawa yetu ya kila ugonjwa. Tumeirithi kwa mafundi wa kupiga window: printa haichapi, piga window; kibodi inanata, piga window. Akili zikishazoea hivyo hakuna anayeuliza chanzo. Kumbe alichohitaji ni kubonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, akapata skrini nyeusi ya maandishi matupu isiyoitegemea GNOME, akaingia kwa jina lake, akairudisha python3 mahali pake pa 3.8. Namshukuru Mungu alikuwepo mtu wa kumwambia. Mradi uliwasilishwa.

Tena huko huko kwa Ubuntu kuna hawa wa "sudo pip install". Hawa wananiumiza roho. pip ikitumiwa kwa mamlaka ya mwenye mfumo inaweka vitu /usr/local, na kwenye Debian na Ubuntu Python ya mfumo huangalia humo kabla ya kuangalia vile vilivyoletwa na apt, msimamizi wa vifurushi wa mfumo wenyewe. Maana yake ni kwamba toleo ulilolileta wewe kwa ajili ya mchezo wako wa jioni sasa ndilo linalotumiwa na vyombo vya mfumo. Na usipotumia sudo, pip inaweka amri ilizozileta ndani ya folda yako mwenyewe ya .local/bin, kisha inakupa onyo wazi kabisa kwamba folda hiyo haimo kwenye PATH. Onyo hilo hakuna anayelisoma. Na cha kusikitisha zaidi, kwenye Ubuntu faili la .profile limeshaandaliwa kuiongeza folda hiyo lenyewe ikishakuwepo. Ulichotakiwa kufanya ni kutoka na kuingia tena kwenye akaunti yako. Basi! Kutoka na kuingia! Watu wanasakinisha vitu upya mpaka bando linakata, na dawa ilikuwa kutoka na kuingia.

Debian walichoka. Debian 12 ilipotoka Juni 2023, ilifuata makubaliano ya jamii ya Python yaitwayo PEP 668, na tangu hapo ukijaribu kutumia pip kuingilia Python ya mfumo unakataliwa, na unaelekezwa utengeneze mazingira yako ya pembeni au utumie apt. Mimi niliposikia nilipiga makofi. Hatimaye mtu mzima kasema hapana! Lakini kwa kuwa kuna wenye sababu zao za kweli, waliacha mlango mmoja, chaguo liitwalo "--break-system-packages". Jina lenyewe linatangaza hadharani kwamba unavunja vifurushi vya mfumo wako. Hawakulificha, hawakulipamba. Na bado, jamani, bado watu wanaliandika! Wanalinakili, wanalibandika, wanapiga Enter, na kesho yake wanashangaa kwamba kitu kimevunjika. Sasa huyo utamsaidiaje?

Windows nitapita haraka maana huko machozi hayana mwisho. Kisakinishi cha Python cha Windows kina kisanduku cha kuiongeza Python kwenye PATH, na kwa kawaida kisanduku hicho hakijawekwa alama. Usipoiweka mwenyewe, haitaitika. Tangu Windows 10 ya Mei 2019, ukiandika "python" na hujaisakinisha, linafunguka duka la Microsoft. Mtu anataka kuandika hesabu, anafunguliwa duka! Wengine walishaisakinisha kabisa, lakini kile kiungo cha duka kimetangulia kwenye orodha, kwa hiyo duka ndilo linaloitika. Kuzima kiungo hicho kupo kwenye mipangilio ya Windows, ni swichi tu. Na msiguse PATH kwa amri ya setx, nawasihi. setx inakata maandishi yakizidi herufi 1,024, na kilichokatwa kimepotea. Kuna watu wameongeza folda moja wakapoteza kumi.

Mimi siwalaumu vijana peke yao, msinielewe vibaya. Lawama nyingine ni ya wanaotengeneza visakinishi hivi. Mmoja wao anaingia kimya kimya kwenye faili lako la kuanzia na kujiandika mbele ya wote. Conda ikishaandaliwa kwenye mfasiri wa amri, kwa kawaida huwasha mazingira yake ya "base" kila unapofungua terminali, na kwa hiyo Python yake ndiyo inayoitika, hata siku ambayo huna kazi nayo. Kuna mipangilio ya kuizuia isijiwashe, lakini mgeni atajuaje? Kila mmoja wao, kwa upande wake, ana sababu nzuri. Wakikutana kwenye kompyuta moja ya mtoto wa watu, sababu zote nzuri zinakuwa fujo moja. Inabidi waseme wazi, mwanzoni na si mwishoni: nitaandika kitu hiki, kwenye faili hili, na nitakaa mbele ya fulani. Debian wameweza kugoma kwa heshima. Na hao wengine waweze.

Sasa mtaniuliza, mzee, tufanyeje? Mimi huanza na swali moja tu: anayeitika ni nani? Andika "type -a python3". Kwenye bash na zsh amri hiyo inakutajia wote wenye jina hilo kwa zamu yao, wa kwanza akiwa ndiye anayeitika, na inafichua hata kama kuna lakabu iliyowekwa kati. Kwenye dirisha la amri la Windows ni "where python". Kisha "echo $PATH", usome orodha kwa utulivu, folda moja baada ya nyingine. Ukishajua nani anaitika na anakaa folda gani, umeshajua na aliyemleta: /opt/homebrew ni Homebrew mpya, /usr/local inaweza kuwa Homebrew ya Intel au ulichojenga kwa mkono, /opt/local ni MacPorts, /usr/bin ni ya mfumo na hiyo usiiguse. Na kama umeshapanga vizuri lakini bash bado inamwita yule wa zamani, andika "hash -r", maana bash hukumbuka ilikomkuta mara ya mwisho na haiendi kutafuta upya.

Wa kuondoka aondolewe na aliyemleta. Kilicholetwa na apt kitolewe na apt, cha Homebrew kitolewe na Homebrew. Yule kijana wa Mac tulimkalisha chini, tukaiita Homebrew ya zamani kwa anwani yake kamili, /usr/local/bin/brew, tukaiagiza "leaves" ili itutajie vitu ambavyo havitegemewi na kifurushi kingine kilichosakinishwa. Akachagua anavyovihitaji, akavileta upya kwa ile mpya, ndipo ya zamani ikaondolewa kwa hati yake rasmi ya kuondolea. Nyundo haikutumika. Kazi zake zote zilibaki.

Kwa Python msihangaike kugombania ya mfumo. Tangu Python 3.3 ya mwaka 2012 kuna venv: kila kazi na mazingira yake kwenye folda yake, ukiiharibu unafuta folda hiyo tu na kompyuta haina habari. Na acheni kuandika "pip" peke yake, andikeni "python3 -m pip", ili kinachosakinishwa kiingie kwenye Python ile ile mtakayoiendesha. Ni herufi chache tu zaidi, na nimeona zikimaliza magomvi ya wiki nzima.

Nina ombi kwa nyinyi mnaofundisha, darasani na kwenye video zenu. Mtoto huyu anawaamini. Kila mnachoandika anakiandika. Kabla hamjamwonyesha amri ya kusakinisha chochote, mwonyesheni kwanza "type -a", na mkae naye mpaka asome jibu lote.